Droni na usasi wa nguruwe mwitu

SUALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mkulima wa Muyuni, Kusini Unguja. Nguruwe mwitu wanatuchimbulia muhogo usiku, na wasasi wetu huingia maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe yenye vichaka) na mbwa na nyavu bila ya kujua walikojificha. Mwanangu anataka kununua droni, kile chombo kidogo cha kuruka kisicho na rubani chenye kamera. Je, inafaa kuwatafuta kwa chombo hicho?

JAWABU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Inafaa, kwa sharti kwamba droni ichunguze ardhi na isigeuzwe kuwa mbwa wa kufukuzia mnyama.

Konde ni lako, lakini anga si lako. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo kabla ya kurusha mnahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania pamoja na kibali cha wizara inayohusika na ulinzi. Na usasi wenyewe unasimamiwa na idara ya misitu, chini ya Sheria ya Misitu ya Zanzibar namba 10 ya mwaka 1996. Mpelekeeni habari sheha pia, kwa sababu kijijini mabanda mengi ya kuogea hayakuezekwa, na kamera inayopita juu yake ni udhalilishaji hata ikiwa haikukusudia. Msikaribie Hifadhi ya Taifa ya Jozani–Ghuba ya Chwaka.

Sasa kazi yenyewe. Vichaka vya maweni ni vizito mno, na kamera ya kawaida haitamuona nguruwe aliyelala ndani yake. Itakachoonesha ni udongo mwekundu uliofukuliwa karibuni baina ya mawe, mashina ya muhogo yaliyolala upande mmoja, na njia nyembamba inayotoka kondeni kuingia kichakani. Hapo ndipo penye faida, kwani nyavu hutegwa kwenye njia. Kamera ya joto, yaani inayoonesha joto la mwili kama doa kwenye picha, husaidia zaidi alfajiri, mawe yakiwa yamepoa, ingawa majani mazito huizuia, na mchana jua likishayapasha mawe picha nzima huwa ni madoa matupu.

Linalonitia hofu ni kwamba doa la joto halina jina. Linaweza kuwa nguruwe, na linaweza kuwa paa nunga, mnyama adimu ambaye nje ya Unguja anapatikana katika sehemu chache tu za pwani ya Kenya, naye hujificha katika vichaka hivyo hivyo. Mbwa wakishaachiwa hawachagui. Basi msiwaachie mbwa kwa kufuata doa. Aende kwanza msasi mzoefu akatazame nyayo na kinyesi.

Rusheni siku moja kabla ya usasi, na siku ya usasi chombo kibaki nyumbani. Marekani ina sheria ya tangu 1971 inayokataza kuwasumbua au kuwapiga wanyama kutoka angani, na mimi naiona hoja yake kuwa ni ya haki hata kwetu: mnyama anayeandamwa kutoka juu hana pa kukimbilia. Mkiwaona kima punju, wale kima wekundu adimu wa Unguja, mitini, ondoeni chombo mara moja.

Picha za konde lililoharibiwa zihifadhiwe pamoja na tarehe zake, mumuoneshe bwana shamba mnapokwenda kuomba kibali cha usasi.