Ukienda Kutná Hora, anzia mgodini

Wengi wanaotoka Prague kwenda Kutná Hora, mji wa kale wa Jamhuri ya Czech, hufuata kitu kimoja: kanisa dogo la Sedlec, kitongoji cha mji huo, lililopambwa kwa mifupa ya watu. Wakishaliona, hao wanarudi na treni inayofuata. Ushauri wangu, ndugu msomaji, Sedlec iwe ya mwisho.

Mji huu umelelewa na madini ya fedha. Mwaka 1300 Mfalme Václav II wa Bohemia (sehemu ya Czech ya leo) aliutungia uchimbaji sheria yake, akaleta mafundi kutoka Italia, na sarafu za groš zikaanza kupigwa hapo. Kwa hiyo nenda kwanza makumbusho ya Hrádek. Utavaa joho jeupe kama la wachimbaji wa zamani, kofia ngumu na taa, kisha mtashuka mgodini kwa mstari. Kuna mahali kuta zinakubana mabega yote mawili na dari inakuinamisha. Nilipita hapo nikiwawaza waliokuwa wakigonga mwamba kwa nyundo kutwa nzima, wakimulikwa na kitaa cha mafuta. Kama unaogopa sehemu finyu, usijilazimishe.

Ukitoka, panda hadi kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Wenyeji walianza kulijenga mwaka 1388, tena nje ya ardhi ya watawa wa Sedlec, maana hawakutaka kutawaliwa nao. Ndani kuna sanamu ya mchimbaji aliyevaa joho jeupe kama ulilotoka kulivua, na ukutani wamechorwa wapiga sarafu wakiwa kazini. Makanisa mengi ya enzi zile yamejaa wafalme na maaskofu. Hapa mtu wa nyundo amepewa nafasi yake. Usipite mbio. Madini ya fedha yalipopungua, ujenzi ukasimama mwaka 1558, na kanisa likakamilika 1905, fupi kuliko lilivyokusudiwa.

Baada ya hayo ndipo uende Sedlec. Mifupa ile inakadiriwa kuwa ya watu 40,000 au zaidi, wakiwemo waliokufa kwa tauni na katika vita vya Wahus, yaani wafuasi wa mhubiri Jan Hus; mchonga mbao František Rint aliipanga mwaka 1870. Ingia kwa heshima ya msibani. Kupiga picha hairuhusiwi, na mimi naunga mkono.

Kituo kikuu cha treni kiko upande huohuo wa Sedlec. Asubuhi, badilisha treni hapo na kupanda ile ndogo ya kwenda katikati ya mji. Jioni utarudi kituoni kwa miguu.