Muulize Fundi wa Lifti: Paa la Matangi na Shimo Linalotoa Maji

Shikamoo fundi. Tunajenga ghorofa nne Ilala, na mama yetu anayetumia kiti cha magurudumu atakaa ghorofa ya tatu. Mchoraji anasema lifti inataka chumba cha mashine juu ya paa, mahali tulipopanga matangi ya maji. Tunaweza kukikwepa? Na shimo la chini, je, tulifupishe? Tukichimba kidogo tu maji yanatoka.
– Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Weka matangi yako. Tangu mwaka 1996, kampuni ya KONE ya Finland ilipoleta lifti yake ya MonoSpace, mota bapa hufungwa ndani ya njia ya lifti yenyewe, juu kabisa ubavuni. Mwaka 2000 kampuni ya Otis wakaja na lifti ya Gen2, inayoning'inia kwenye mikanda bapa ya nyuzi za chuma zilizovikwa plastiki ngumu. Kamba ya chuma ya milimita 10 huchakaa haraka ikikunjwa sana, kwa hiyo puli yake hutakiwa kuwa na kipenyo mara 40 ya unene wake, yaani sentimita 40. Mkanda huzunguka puli ya sentimita 10 tu. Puli ikipungua, na mota hupungua.

Kwa ajili ya mama, agiza kabini isiyopungua sentimita 110 kwa 140, na mlango wa 90 ukiwezekana.

Shimo sasa. Nakusihi, usilifupishe kwa kukwepa maji. Kina chake kimeandikwa kwenye mchoro wa kiwanda kinachotengeneza lifti, na mle ndimo fundi hulala chali akikagua breki za dharura, kabini ikiwa juu ya uso wake. Nafasi ile ndiyo uhai wake. Maji yazuiwe kwa zege: mwambie mkandarasi aweke mpira wa kuzuia maji kwenye maungio ya sakafu na kuta kabla ya kumwaga. Kulipaka shimo dawa baadaye, kuta zikishalowa, ni kupoteza fedha.

Jambo la mwisho wengi hulisahau. Chumba cha paa kikiondoka, kabati la umeme la lifti huhamia kando ya mlango wa ghorofa ya juu. Liwe kwenye korido, lisiishie ndani ya fleti ya mpangaji. Umeme ukikatika mama akiwa ndani, na betri ya dharura ikigoma, pale ndipo fundi hulegezea breki, kabini isogee hadi mlangoni mama atoke.