Umekariri maneno 1,000 na mdomo bado mzito? Soma hapa

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza kidato cha nne, umekariri orodha ya maneno 1,000 ya Kiingereza na maana zake za Kiswahili, lakini ukikutana na mzungu unaishia "yes, yes". Sasa unauliza uongeze mengine 1,000 au utafute programu ya simu. Mimi nasema usiongeze hata moja kwanza.

Nilikuwa hapo hapo ulipo, tena na mzigo wa kilo 20 kichwani. Nilianza Kilimanjaro kama mgumu, yaani mpagazi, baadaye nikapandishwa kuwa weita, yule anayewapelekea wageni chai na bisi jioni. Orodha yangu nilikuwa nayo mfukoni, imekunjwa hadi imechanika. Siku moja tuko kambi ya Horombo, mita 3,720, nikamuuliza mama mmoja mgeni anajisikiaje. Akasema, "Fine, just a bit light-headed." Nikapiga hesabu haraka: "light" ni nyepesi, "head" ni kichwa. Kichwa chepesi! Kwetu huyo ndiye anayeshika masomo upesi. Nikamwambia kwa furaha, "Very good, mama, congratulations!"

Kiongozi wa msafara alikuwa nyuma yangu. Akaweka kikombe chini, akaanza kumuuliza yule mama kama kichwa kinamuuma, kama amekunywa maji ya kutosha, kama ametapika. Kumbe mama alikuwa anasema anahisi kama ataanguka, na kule juu hiyo huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa mwinuko, neno hilo halichekewi. Alipumzishwa, kesho yake akawa sawa. Mimi usiku ule sikulala vizuri, na si kwa baridi.

Tuliposhuka nikanunua kamusi ya mtumba Moshi mjini, Kiingereza kwa Kiingereza, ya wanafunzi. Hapo kwenye "ya wanafunzi" usiteleze. Kamusi waliyoandikiwa Waingereza wenyewe itakueleza neno gumu kwa maneno magumu matatu, nawe utazungushwa kama mtu anayefuatilia kibali, dirisha hili hadi lile. Za wanafunzi zilitungwa na watu waliofundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Hornby, ambaye kamusi yake Oxford waliitoa mwaka 1948, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani. Kamusi ya Longman ya 1978 ilieleza maana kwa kutumia maneno ya kawaida kama 2,000 tu. Cobuild ya 1987 ikaenda mbali zaidi: maana yenyewe ni sentensi nzima, kama mtu anakueleza mkiwa mmekaa. Yoyote kati ya hizo inafaa, hata toleo la zamani.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili usiitupe, ila iwe ya mwisho kufunguliwa. Kiswahili chetu kina mipaka yake na Kiingereza kina yake. Sisi "kuazima" ni kwenda na kurudi: naazima kwako, nawe unaniazima. Wao wamegawanya, "borrow" kwa anayechukua, "lend" kwa anayetoa. Ukiandika "borrow = azima" utasema "borrow me your pen" hadi uzeeke. Na "rahisi" je? Bei rahisi kwao ni "cheap", mtihani rahisi ni "easy". Nilishawahi kumwambia mgeni kinyago hiki ni "very easy". Akabaki anakigeuzageuza akitafuta kinavyofunguka.

Maana inakuonyesha mpaka wa neno. Sentensi ya mfano inakuonyesha neno linatembea na nani, na watu wengi huiruka. Sisi tunasema "nieleze", yule "ni" kakaa ndani ya kitenzi, basi tunasema "explain me". Maana ya "explain" haitakukosoa. Mfano ulio chini yake utakukosoa, maana utakuta "explain something to somebody". Halafu utakuta "advice" imewekewa alama kuwa haihesabiki, na "many advices" zako zinaisha siku hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Nilichukua kaunta buku. Maneno matano kwa siku, siyo hamsini, na yote niliyoyasikia kwa wageni au kuyaona kwenye tangazo. Nikiandika neno, nasoma maana, nafunga kamusi, naiandika maana kwa Kiingereza changu kibovu. Kisha nanakili mfano mmoja wa kamusi. Kisha natunga wangu, na hapo ndipo nilipohangaika miezi.

Mwanzoni nilikuwa naandika hivi: "He is reluctant", yaani anasita, hataki sana. Kiongozi wangu akaufunika mwisho kwa kidole akauliza, "He is... nini? Mrefu? Mgonjwa? Ameoa?" Neno lolote lilikaa pale. Akasema tunga sentensi ambayo ukilifuta hilo neno, msomaji alibahatishe mwenyewe. Nikaandika: "It was raining, so the porters were reluctant to leave the fire." Hiyo nimeitunga miaka mingi iliyopita na sijawahi kuisahau, kwa sababu moto ule naujua, na waliokuwa wameuzunguka nawajua kwa majina.

Vivyo hivyo "numb", "sore" na "stiff". Mimi zote nilikuwa naziita "miguu inauma". Wa "numb" hasikii vidole kabisa, ganzi, huyo mvue viatu uangalie. Wa "sore" ana maumivu ya kutembea. Wa "stiff" amekakamaa, akijinyoosha anaendelea. Kila moja nililitungia sentensi yenye mtu niliyemwona.

Kurudia: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Ziba neno kwa kiganja, soma sentensi, litaje. Ukishindwa, rudi mwanzo. Simu inaweza kukupangia ratiba, sawa, ila sentensi za kuingiza tunga wewe.

Anza na maneno matano kutoka kwenye hiyo orodha yako ya 1,000, yale unayojiamini nayo kabisa. Tupia sentensi zako hapa. Napanda kesho, huko juu mtandao ni wa kubahatisha, nitazipitia nikishuka Jumamosi.