Maswali na majibu: Simu imebeba kila kitu, nanyi mmeiacha wazi

Naomba kujua simu nzuri ni ipi. (Wasomaji wengi)

Swali likija hivi, silijibu tena. Andika una shilingi ngapi na simu utaifanyia kazi gani. Bila hayo mawili mnanipotezea muda, na mnajipotezea hela.

Nauza chakula stendi. Nimeporwa simu nikiwa kwenye bajaji. Ilikuwa na nywila kwenye kioo. Hela zangu za simu ziko salama? (Mbagala)

Pole sana, dada. Hela hazikai ndani ya simu, zipo kwenye akaunti yako huko kwenye mtandao. Hofu yangu ni laini. Mwizi hahangaiki na kioo: anachomoa laini, anaichomeka kwenye simu nyingine, na meseji zako zinaanza kuingia kwake. Akibonyeza "nimesahau nywila", tarakimu za uthibitisho anazipata yeye. WhatsApp, barua pepe, benki, vyote siku hizi vinafunguliwa na laini hiyohiyo moja.

Azima simu sasa hivi, pigia mtandao wako wafunge laini na akaunti ya pesa. Kisha benki. Polisi baadaye. Laini utarudishiwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole.

Ninyi ambao hamjaibiwa, wekeni PIN ya laini leo. Nimeshaandika haya na bado barua ni zilezile. Ipo kwenye mipangilio, upande wa usalama. Laini ikihamishwa simu, inadai PIN. Ikikosewa mara 3 inadai PUK, yaani namba ya kuifungulia, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. Kwa hiyo ulizeni kwanza mtandao wenu PIN ya mwanzo na PUK, msibahatishe. Na mwaka wa kuzaliwa si PIN.

Redio ya simu yangu haishiki bila hedifoni. Ni mbovu? (Kahama)

Nzima. Waya wa hedifoni ndio antena.

GPS inakula bando? (Dodoma)

Hapana, simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti. Kinachokula bando ni ramani yenyewe, basi ipakue kabla ya safari.

Nataka kuanza kupiga picha za harusi kwa malipo. Simu kali haitoshi? (Arusha)

Haitoshi. Ni kweli simu imezimaliza kamera ndogo za mfukoni: mwaka 2010 watengenezaji, wengi wao wa Japani, walitoa viwandani kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, mwaka 2023 hazikufika milioni 10. Zilizobaki nyingi ni zile za kubadilisha lenzi, na kazi yako inazihitaji hizo. Bibi harusi anaingia ukumbini, taa zimepunguzwa, wewe umesimama nyuma ya meza ya kamati. Ukivuta kwa vidole, simu inakata kipande cha picha na kukikuza, uso unatoka na chengachenga. Halafu utampa msaidizi akushikie simu hiyohiyo yenye benki yako? Tafuta kamera iliyotumika, yenye nafasi ya kadi mbili za kumbukumbu, picha ziandikwe kote kwa pamoja.

Mke wangu ananicheka kwa kutembea na kitochi pamoja na simu janja. (Tanga)

Usikitupe, kaka. Vifaa vilianza kukusanyika ndani ya simu kabla iPhone haijatoka mwaka 2007. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250, ilikuwa tayari na tochi, saa ya kuamsha na kikokotoo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka huo wa 2007 ilitengenezwa kwa simu za aina hiyo, na hadi leo menyu yake haihitaji bando.

Fanya hivi: laini yenye akiba ikae kwenye kitochi, na kitochi kibaki nyumbani. Simu janja itembee na laini ya hela ya matumizi ya siku. Usiku wa leo piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, asubuhi nenda duka la mtandao huo wakaifute.