Sangara wa 1954 na sangara wa 1962

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa tatu hapa Mwanza, naandika utafiti juu ya "Sababu za kupungua kwa samaki Ziwa Victoria". Chanzo kimoja kinasema sangara aliletwa ziwani 1954, kingine 1962. Nishike kipi? Halafu msimamizi wangu amelikataa swali, anasema ni pana mno.

JIBU: Marahaba. Vyote viwili. Wanaotaja 1954 huzungumzia sangara waliotiwa kimyakimya upande wa Uganda. Wa 1962 huzungumzia upandikizaji rasmi. Kinachokuchanganya ni neno "aliletwa", limebeba matukio mawili. Na ukikuta makala kumi zinazotaja 1954, usidhani una mashahidi kumi. Fuatilia kila mmoja kaitoa wapi; mara nyingi utaishia kwa mtu mmoja. Huyo ndiye wa kumpima: alikuwepo, alisoma barua za idara, au naye kasikia?

Msimamizi wako hajakosea. Samaki yupi? Na "kupungua" ni tani za ziwa zima au kilo za mtumbwi mmoja? Mitumbwi ikiongezeka, tani zinaweza kupanda huku kila mvuvi akirudi na kidogo. Mvuvi atakulilia, takwimu zitacheka, na hakuna aliyedanganya.

Mimi ningechukua dagaa, ila nisingepimia soko la Mwaloni pale Kirumba. Magunia ya pale yametoka visiwani, yamechanganyika. Utapata bei, hutajua mtumbwi ulivua nini. Nenda mwalo mmoja wanakoshushia.

Nenda kwa kalenda ya mwezi pia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, wengi hupumzika. Niliwahi kumsimamia kijana aliyehoji wavuvi wiki ya mwezi mpevu. Madodoso yote yalirudi yanalia njaa! Hakuna hata moja lililoandikwa tarehe, ikabidi aanze upya.

Swali lako basi liwe hivi: "Kilo za dagaa kwa mtumbwi, kwa usiku mmoja wa giza, katika mwalo fulani, zimebadilikaje kati ya 2015 na 2024?" Lakini usiipeleke hiyo miaka kwa msimamizi bado. Mwone kwanza ofisa uvuvi, umwombe uyafungue mwenyewe madaftari ya samaki walioshushwa mwaloni hapo. Kama ya 2015 yameliwa na mchwa, anzia yanapoanza kusomeka.