Sunak alishinda kwa wabunge, mbona Truss ndiye aliyeingia?

Umeuliza inakuwaje Rishi Sunak aongoze kura za wabunge Julai 2022, kisha Liz Truss awe waziri mkuu wa Uingereza. Ni ngwe mbili, na wapiga kura si walewale. Katika chama cha Conservative, kilichokuwa madarakani wakati ule, wabunge huchuja wagombea raundi kwa raundi hadi wabaki wawili, halafu wanachama wa kawaida ndio huamua. Safari ile kuingia tu kulihitaji wabunge 20 wa kukudhamini, na ukipata chini ya kura 30 raundi ya kwanza, unatoka. Raundi ya mwisho: Sunak 137, Truss 113, Penny Mordaunt 105. Truss alimpita Mordaunt kwa kura 8 tu! Kwa wanachama Truss akapata 81,326 dhidi ya 60,399.

Kasoro iko hapo, nionavyo mimi: kiongozi anaweza kuingia akiwa na chini ya theluthi ya wabunge wake, na hao ndio wanaoweza kumng'oa.

Truss alipotangaza kujiuzulu Oktoba 20, wadhamini walipandishwa hadi 100. Chama kilikuwa na wabunge wapatao 357, kwa hiyo wagombea wasingezidi watatu. Mordaunt akajitoa dakika za mwisho, Sunak akapita bila kupingwa.

Halafu usichanganye wadhamini hao na barua za wabunge za kutokuwa na imani na kiongozi: wakati ule, zikifika asilimia 15 ya wabunge, ziliitisha kura ya imani tu. Boris Johnson, waziri mkuu kabla ya Truss, aliishinda kura hiyo Juni 6 kwa 211 dhidi ya 148, na mwezi uliofuata mawaziri wakajiuzulu kwa makumi hadi akasalimu amri.