Ganzi ya mguu baada ya kupalilia

Pole sana dada. Umesema umepalilia karanga huko Hombolo siku tatu mfululizo ukiwa umechuchumaa, na sasa wayo wa kulia una ganzi upande wa juu, kandambili inachomoka ukitembea.

Wengi watakwambia ni baridi yabisi. Mimi nahisi ni mshipa wa fahamu, maana yalinikuta hayo hayo msimu wa kupogoa zabibu. Pitisha kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti. Utagusa kinundu cha mfupa. Hapo chini yake mshipa unazunguka mfupa, karibu kabisa na ngozi, hauna nyama ya kuukinga. Ukichuchumaa muda mrefu unabanwa. Na ndio unaonyanyua wayo na vidole, kwa hiyo kandambili haikai.

Shika ukuta, jaribu kusimama kwa visigino. Wayo wa kulia ukigoma kunyanyuka, nenda hospitali ya rufaa wiki hii hii, usingoje mavuno. Waombe wakupime na sukari, nayo huharibu mishipa ya fahamu.

Kwa sasa palilia ukiwa kwenye kigoda, usikunje nne, na tafadhali usifunge bandeji ya kubana chini ya goti wala usichuliwe kwa nguvu pale kwenye kinundu.

Lakini maumivu yakianzia kiunoni, ganzi ikashika sehemu za siri, au mkojo ukagoma au kukutoka bila kujua, hapo tatizo ni uti wa mgongo. Nenda hospitali usiku huo huo.